Baridi ya Kibara na Vidonge Vitano

Ndugu zangu, tangu nirudi kutoka Mitwaba mmekuwa mkiniuliza, mmoja kwa simu, mwingine akinivuta kando baada ya misa, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa vipande hivyo vinatembea mtaani kwetu Kamalondo vikiwa vimeunganishwa vibaya. Ndiyo maana naandika safari nzima, mara moja, hatua kwa hatua. Habari za tiketi na mihuri naziacha, maana hazikumdhuru mtu.

Kamalondo

Mnanijua. Niliondoka hapa na begi moja, nikakaa Poland miaka tisa. Sita kati ya hiyo nilipakua samaki waliogandishwa, ndani ya ghala lenye nyuzi ishirini chini ya sifuri, na nikitoka hapo naingia darasani. Hakuna mjomba aliyenilipia hata daftari. Diploma yangu ya fiziolojia ya kazi niliipata kwa vidole hivi, viwili kati yake hadi leo havisikii sindano. Na nasema bila kuona haya: Lubumbashi nzima simjui mtu mwingine anayeweza kukuambia kwa namba mwili wako unateseka kiasi gani kwa baridi.

Namba yenyewe ni rahisi. Unapima joto la kiini cha mwili na joto la ngozi, unafanya hesabu, unapata alama kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni mtu aliyekaa raha. Kumi ni mtu ambaye kiini chake kimeshuka hadi nyuzi thelathini na tano na ngozi yake hadi ishirini. Kwa ngozi nilikuwa na vipimajoto vidogo kama vifungo vya shati, vya kubandika kifuani, mkononi na mguuni. Kwa kiini nilikuwa na vidonge vitano. Mtu anameza kimoja, nacho kikiwa tumboni kinatuma joto lake kwa mawimbi hadi kwenye mashine yenye ukubwa wa simu. Kasoro yake ni moja: mashine haikisikii kidonge kikiwa mbali zaidi ya hatua mbili.

Ilikuwa mwezi wa saba. Kila mwaka wakati huo watu wanapanda juu ya mizigo ya malori na kuvuka milima ya Kibara, na hakuna aliyewahi kuwapima. Nilitaka niwe wa kwanza. Kwa namba hizo ningebisha hodi kwa wenye vyumba vya barafu na wenye migodi ya milimani, na ningefungua ofisi yenye jina langu mlangoni.

Safari ilikuwa na jambo la pili. Mama mkwe wangu, Mama Ngoie, alikuja kwetu kutolewa mtoto wa jicho, na sasa nilikuwa namrudisha kwao. Mke wangu Béatrice alitangulia Mitwaba kuandaa siku ya mimi kufunguliwa. Kwa ukoo wao, mkwe ambaye hajafunguliwa hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hamshiki mkono, hakai naye bega kwa bega, wala hasemi naye moja kwa moja. Maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Mahari niliituma nikiwa Poland, lakini siku hiyo nilikuwa sijaifanya. Nilikuwa naingoja iwe kubwa, ya watu kuizungumzia.

Lubumbashi hadi Likasi

Lori lilibeba chumvi, unga wa ngano, sabuni na mbuzi wawili. Nusu ya shehena ilikuwa ya Mama Masika, mfanyabiashara wa Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko. Mama Ngoie nilimlipia kiti cha mbele, kando ya dereva. Mimi nilipanda juu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa juu.

Waliokubali kumeza walikuwa wanne: Mama Masika, mkulima mmoja aitwaye Papa Mwamba, na mafundi cherehani wawili wa Kamalondo waliokuwa wakipeleka nguo. Cha tano nilimeza mwenyewe. Wote waliniita Dokta, nami sikuwasahihisha.

"Dokta," Papa Mwamba aliuliza akikigeuza kidonge mkononi, "na kikitoka, tunakirudisha?"

"Apana, papa. Ni chako."

"Basi muzuri. Nitakiweka ku salon, wageni bakione."

Mama Masika alimeza chake kwa funda moja la maji. "Lakini mashine yako ikisema mi niko na mimba, nitakutupa ku barabara, Dokta ao si Dokta."

Kabla ya Likasi tulisimamishwa kwenye kizuizi. Aliyekagua alimwona Papa Mwamba na vile vifungo kifuani, akarudi nyuma hatua tatu na kuamuru lori zima lishuke. Aliamini tumebeba mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza. Nilimweleza kwa Kifaransa, nikamweleza kwa Kiswahili, nikamwonyesha nakala ya diploma. Diploma ilimtia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haikuandikwa kwa lugha anayoijua.

"Mi si mugonjwa," Papa Mwamba alikuwa akimwambia, ameinua mikono. "Mi niko science."

Tulikaa pale saa tatu, juani, tukila mayai ya kuchemsha na kikanda, ile keki ya viazi vya porini na karanga. Mama Ngoie alikula nyuma ya lori ili nisimwone. Nilisikia sauti yake akiwaambia wanawake wa barabarani: "Ule wa mashine njo mukwe wangu. Alisoma ku Poto, kule kwa bazungu. Anajua baridi kuliko mwenye aliiumba." Wakacheka. Sijui kama nimewahi kusifiwa vizuri zaidi.

Likasi

Likasi tulifika jua likiwa limegeuka. Watu walizunguka lori kutazama vifungo, nami nikasimama juu ya gunia nikawaeleza maana ya sifuri na maana ya kumi. Nilieleza vizuri, na maswali yalikuwa mengi. Niliposhuka, mtu mmoja mwenye sare alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama mkwe wangu, begi lake magotini, kofia usoni.

"Ile kiti ilishalipwa," nilimwambia dereva.

"Mukubwa, najua." Dereva hakunitazama. "We mutoshe humo, ukiweza. Mi niko na barabara ya kupita tena kesho kutwa."

Yule mtu hakufungua hata macho. Nilianza kupandisha sauti, ndipo Mama Masika akaja na ujumbe. "Mama anasema acha. Anasema usigombane na mutu wa sare juu yake. Atapanda kule juu."

Katikati ya magunia kulikuwa na shimo kama kitanda kikubwa, na juu yake turubai. Humo sisi abiria, wanaume kwa wanawake, tulibanana, mgongo kwa kifua, na mashine yangu ikawasikia wote waliomeza. Mama Ngoie hakuweza kuingia humo, kwani mimi nilikuwamo. Alikwenda mwisho kabisa wa shehena, nje ya turubai, akakaa juu ya magunia ya chumvi akitugeuzia mgongo, amejifunika blanketi moja.

Baada ya Bunkeya: kijito

Kulala Bunkeya, ugali wetu wa bukari na samaki wa mto Lufira, gurudumu lililopasuka mara mbili, hayo nayapita. Siku iliyofuata, alasiri, tukafika kwenye kijito ambacho magogo ya daraja lake yalikuwa yamekwenda na maji. Dereva alitaka lori jepesi, kwa hiyo sote tukashuka tuvuke kwa miguu. Wanaume tulitangulia, wanawake wakafuata. Mama Ngoie alingoja mpaka nimevuka na kupotea nyuma ya miti, asije akapandisha kitenge chake nikiwapo. Alipoingia majini alikuwa peke yake, jicho moja bado lina bandeji. Aliteleza, akazama hadi kifuani.

Wanawake wengine walikuwa wameshabadilisha nguo kichakani. Dereva alikuwa akipiga honi mfululizo, akiwahi mlima kabla ya giza. Mama Ngoie alipandishwa lorini maji yakimtiririka.

"Mama yako amelowana yote," Mama Masika aliniambia.

"Mwambie abadilishe."

"Wapi? Huku juu ya kamyo, na weye uko pale?"

"Nitageuza uso."

"Kugeuza uso haitoshe, Dokta. Ile unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba nguo iliyolowa inauondolea mwili joto zaidi kuliko upepo mtupu. Hilo nililifanyia mtihani na nikaufaulu vizuri sana. Niliiandika saa kwenye daftari, kwa ajili ya waliokuwa wakipimwa.

Mlimani Kibara

Tulikuwa katikati ya mwinuko ekseli ilipokatika. Dereva alipata pikipiki iliyokuwa ikipita, akapanda nyuma yake kwenda kutafuta ekseli nyingine. Yule mwenye sare alijifungia mbele, akapandisha vioo. Giza likaingia, na upepo wa Kibara ukaanza.

Nawaambieni kile ambacho mashine iliandika, kwa sababu mashine haisemi uongo. Ndani ya shimo, chini ya turubai, sisi watano tuliomeza vidonge tulikaa kati ya alama mbili na tatu na nusu. Papa Mwamba alikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kutoka kwenye chupa ya maji, akasema anasikia moto mwilini, na kweli ngozi yake ilipanda joto. Lakini kiini chake kilianza kushuka, mstari mmoja ukipanda, mwingine ukiteremka. Hilo nililisoma vitabuni. Kuliona hai, kwa mtu wetu, juu ya barabara yetu, kulinifurahisha mno. Nilimwonyesha fundi mmoja ile skrini kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Hapo ndipo Mama Masika alipoinuka.

"Dokta, toka humu. Mama mukwe wako aingie."

"Nikitoka, mashine inapoteza vidonge. Kipimo kinakatika."

"Acha mashine, toka weye."

"Na nani ataisoma? Saa moja tu, mama. Mstari huu ukikatika, kazi yote ni bure."

Alinitazama. Kisha akaenda mpaka mwisho wa shehena, nikamsikia akimbembeleza, na nikasikia jibu, meno yakigongana: "Mwambie mukwe wangu afanye kazi yake. Mi nilizaliwa ku hii baridi." Mama Masika alirudi na jibu hilo, akanipa neno kwa neno. Nililipokea. Nilijiambia kwamba mama ana mbuzi wawili wamelala karibu naye, na mbuzi wana joto. Nilitoa blanketi langu la pili, likapelekwa, akajifunika juu ya nguo zile zile zilizolowa.

Ile saa moja nimeitafuta baadaye kwenye mashine. Ilidumu saa sita na dakika kumi.

Kulipoanza kupambazuka, nyasi zilikuwa na jalidi nyeupe. Wanaume walishuka kuwasha moto kando ya barabara. Nilikuwa nikiandika alama za mwisho niliposikia fundi mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kusifu: "Angalia ule mama. Aliacha kutetemeka. Hawa bantu ba milima balizoea."

Daftari lilinianguka. Mwili uliolowa hauachi kutetemeka kwa sababu umezoea. Unaacha kwa sababu hauna tena cha kuchoma.

Vipimajoto vya kawaida, kwa chini, huishia thelathini na tano. Nilikuwa na kimoja kinachosoma hadi ishirini na tano. Nilimpa Mama Masika, nikamweleza pa kukiweka, nikashuka na kusimama upande wa pili wa lori, uso ukitazama bonde. Ndivyo ilivyotakiwa. Wanawake walishusha turubai kama pazia.

"Ishirini na tisa nukta nane!" Mama Masika aliita.

"Mvueni nguo za majimaji! Mlazeni chali, msimsimamishe! Wanawake wawili wamlalie, ngozi kwa ngozi! Msimsugue! Msimpe lutuku!"

"Anaongea mambo ya shamba! Anasema iko na joto, anataka kutupa blanketi!"

"Msimwache! Ita namba!"

"Ishirini na tisa nukta nne!"

Nilitazama bonde. Ukungu ulikuwa chini, jua likaanza kulamba kilima cha pili. Nyuma yangu nilisikia hatua nyingi, sauti za wanaume, mtu akisema moto umeshakuwa mkubwa, mwingine akisema mama apelekwe kwenye moto. Nilipiga kelele, "Mama Masika, asisimamishwe!" Naye alipiga kelele kuwaambia, lakini maneno yangu yalipita kwake kwanza, na wao tayari walikuwa wamemshika makwapa kwa huruma, wamemshusha, wamemsimamisha kwa miguu yake, wakampeleka motoni kama bibi arusi.

Moyo uliopoa hivyo haustahimili kusimamishwa ghafla.

"Namba!" niliita. "Mama Masika, namba!"

Kisha Mama Masika, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Dokta. Geuka."

Niligeuka. Alikuwa amelala karibu na moto, wamemfunika kitenge cha Mama Masika mwenyewe. Wanaume walisogea. Hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa mimi, na wote walijua kwamba mimi ndiye mtu mmoja asiyeruhusiwa. Nilipiga magoti, nikaweka viganja juu ya kitenge, katikati ya kifua, nikaanza kubonyeza. Niliwaambia kwamba mtu aliyekufa kwa baridi hahesabiwi amekufa mpaka apate joto. Ni kweli, kitabu kinasema hivyo. Nilibonyeza mpaka dereva akarudi na gari dogo la mtu wa misheni, nikabonyeza nyuma ya gari hilo njia nzima, Papa Mwamba akinipokea nikichoka, nami nikimpokea. Yule mwenye sare alitufungulia mlango wa gari.

Mitwaba

Muuguzi wa zahanati alinishika vifundo vya mikono, akaniambia taratibu, "Papa, inatosha." Mama Ngoie alikuwa na joto la thelathini na mbili wakati huo. Tulikuwa tumempasha, lakini hakuna kilichorudi.

Nyumbani kwao palikuwa pamefagiliwa. Mitungi ya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ilipangwa ukutani, viti vimeazimwa, mkeka mpya umetandikwa mahali ambapo mama na mkwe wangekaa na kula pamoja kwa mara ya kwanza. Béatrice alitoka akiwa na unga mikononi, akifikiri ni sisi. Ndiyo, tulikuwa sisi.

Waliniweka nje ya uzio siku ile, kwa sababu sikuwa nimefunguliwa na nilikuwa nimemgusa. Siku ya pili, baada ya mazishi niliyoyatazama nikiwa barabarani, Mjomba Kabange, kaka wa marehemu, aliniita ndani. Ukoo wote ulikuwa umekaa. Mama Masika naye alikuwapo. Aliliacha lori na mzigo wake ili aje kuzika.

"Ulimugusa?" mjomba aliuliza.

"Nilimgusa, mjomba. Nilikuwa najaribu kurudisha moyo."

"Ile tunajua. Huyu mama wa Butembo alitwambia. Kwa ile hatuna kesi." Akaniashiria nikae. "Tunataka kusikia baridi ilimupata namna gani. Weye njo unajua baridi."

Nilianza kueleza. Nilieleza kijito, nguo zilizolowa, upepo, nyuzi, alama. Nilieleza vizuri, sijui kueleza vibaya. Nilitaja mtu mwenye sare na kiti. Nilitaja ekseli. Watu walitikisa vichwa, wengine walianza kumlaani yule mwenye sare. Nikaona kwamba ningeweza kuishia hapo na ningeondoka nikiwa mtu mwema. Mama Masika alikuwa akitazama mkeka. Hilo la shimo alikuwa hajawaambia.

Béatrice ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameketi kati ya shangazi zake, amenyolewa nywele.

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Juu ya lori."

"Juu, wapi? Yeye alikuwa mwisho, ku upepo. Weye wapi?"

"Katikati," nilisema. "Chini ya turubai."

"Alikuambia utoke?"

"Yeye hapana. Mama Masika aliniambia nitoke ili aingie. Nilikataa."

"Ulikataa juu ya nini?"

Mjomba Kabange aliinua mkono. "Simama, mukwe. Sema kwa sauti, wale ba kule nyuma basikie."

Nilisimama. Niliwaambia kwamba palikuwa na mahali pamoja pa joto juu ya lori lile, kwamba mama asingeweza kuingia mimi nikiwamo, kwamba nililijua hilo, na kwamba nilikaa humo saa sita na dakika kumi kwa sababu nilitaka mstari usikatike. Kule nyuma bibi mmoja hakusikia, akauliza mkwe amesema nini. Béatrice alimgeukia, akamrudia maneno yangu yote, moja moja, bila kupunguza hata moja.